Vijiko vya fedha vya ukumbusho alivyoniachia mjomba: naanzia wapi?

MwanaBaharia

Wakuu habari za humu, na wakubwa shikamooni.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Meli ikitia nanga, wenzake wanashuka kwenda kwenye starehe zao, yeye anaingia maduka ya vitu vikuukuu kusaka vijiko. Si vya kulia. Ni vile vidogo vya ukumbusho, mpini una jengo au kichwa cha mtu, na jina la mji limeandikwa mahali fulani. Ndugu walipogawana vitu, kisanduku cha vijiko hakuna aliyekitaka, kikaja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye akivifuta, kwa hiyo nimefurahi, ila kusoma chapa za nyuma hakunifundisha.

Vinavyonichanganya ni hivi. Kuna kimoja chenye mwanamke mchawi ameshika ufagio, pini tatu, na neno SALEM. Nyuma kimeandikwa STERLING. Kuna kingine mpini una maua ya waridi, na tumboni (pale pa kuchotea) kumechongwa jina la mwanamke na tarehe 25 Desemba 1897. Nyuma yake pana simba, nanga na herufi G. Halafu kuna cha tatu, hicho nacho kina simba na nanga, ila badala ya G kina herufi ndogo "l", kimepakwa dhahabu, na tumbo lake ni la ajabu: limegawanywa na ukingo katikati, utadhani vijiko viwili vimeunganishwa. Kuna cha Niagara Falls chenye mioyo mitatu nyuma. Na kuna kundi zima lenye chapa ya EPNS, ambavyo ndivyo vinang'aa kuliko vyote.

Vingine ni vyeusi, na hapa nyumbani wananisukuma nivisugue vyote viwe vipya. Kuna bwana ananunua fedha, amekuja na mizani yake, anataka kuvichukua vyote kwa uzito, na anasema kwa hisani yake atachukua na vile vya EPNS. Kuna sonara pia amejitolea kufuta lile jina la mwanamke ili kijiko kiwe safi.

Nimewaambia wote wasubiri. Nifanyeje?

---

BiChapa

Marahaba mwanangu, na pole kwa mjomba. Inaonekana alikuwa na jicho.

Kwanza, huyo bwana wa mizani asikukimbize. Fedha haiozi. Pili, hicho kitambaa cha kusugulia kiweke chini mpaka tumalize mazungumzo.

Mimi ugonjwa huu ninao tangu sijaolewa, na sheria yangu ni moja: kijiko nakigeuza kabla sijakitazama. Mbele kila mtu anaona. Nyuma ndipo penye ukoo wake, nani alikifanya, wapi, na ni fedha kweli au ni ngozi ya fedha tu. Ukishasoma nyuma, ndiyo unakigeuza tena ufurahie mchawi wako.

EPNS tuimalize haraka. Ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyochovywa fedha kwa umeme. Ukiona A1 pembeni, ni ukoo huo huo. Na usidanganyike na maneno "German silver", "nickel silver" au "alpaca": humo ndani fedha hamna hata chembe. Si takataka, vipo vya kuchovya vizuri mno, hasa vya maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, lakini huyo bwana anayevitaka kwa hisani anajua hasara haipo upande wake, maana uzito wa EPNS haumlipi wala haumgharimu. Anatumia hivyo kukufanya uone anakupendelea.

Fedha ya sterlingi ni sehemu 925 kwa 1,000, iliyobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya kijiko. Marekani wao waligonga neno zima, STERLING, wakamaliza. Ujerumani utakuta 800 na mwezi mchanga kando ya taji. Nchi za Skandinavia utakuta 830 au 925, mara nyingi na herufi S. Uingereza ndiyo yenye mambo mengi, nako ndiko mjomba wako alikokutega.

Umesema vijiko viwili vina simba na nanga. Sasa chukua kioo cha kukuzia, uniambie: simba wa kila kijiko anaelekea upande gani?

---

MwanaBaharia

Asante mama. Nimeangalia. Wa kijiko cha mawaridi anaelekea kulia. Wa kile cha tumbo la ajabu anaelekea kushoto. Nilidhani ni chapa moja iliyogongwa vibaya!

---

BiChapa

Haikugongwa vibaya. Hao ni simba wa nchi mbili.

Anayekwenda kulia, akifuatwa na nanga na G, ni wa Gorham, kiwanda cha Providence, Rhode Island, Marekani. Hiyo si chapa ya serikali wala ya ofisi ya ukaguzi. Ni nembo ya kiwanda, wameitengeneza ifanane na za Waingereza kwa sababu wanunuzi wa zama zile waliamini fedha ya Kiingereza kuliko ya kwao. Ukitazama vizuri utakuta na neno STERLING, kwa sababu Gorham walianza kulitumia tangu 1868. Kama halionekani, litafute karibu na pale mpini unapoungana na tumbo, huwa linafichwa na weusi.

Anayekwenda kushoto ni simba wa Kiingereza, na huyo ana maana ya kisheria: ofisi ya ukaguzi imepima fedha na kuthibitisha ni sterlingi. Nanga inasema ofisi hiyo ni ya Birmingham. Mji usio na bahari, lakini ndiyo nanga yao, msiniulize. (London ni kichwa cha chui, Edinburgh ni ngome, na Sheffield ilikuwa taji mpaka 1974, tangu 1975 ni ua la waridi.) Na hiyo "l" ndogo ni herufi ya mwaka.

Hapo ndipo kijiko chako kinapokuwa kitamu. Birmingham walianza mzunguko mpya wa herufi ndogo mwaka 1900 na "a", wakaruka "j", kwa hiyo "l" ni 1910. Ukifungua jedwali lolote litakwambia 1910. Lakini hicho kijiko, kama nimekuelewa, ni nakala ya kijiko cha kumpaka mfalme mafuta anapotawazwa, na mwaka 1910 hakuna mfalme wa Uingereza aliyetawazwa. George wa Tano alitawazwa tarehe 22 Juni 1911. Unaona tatizo?

Halipo tatizo. Birmingham walikuwa wakibadilisha herufi katikati ya mwaka, mwezi wa Julai. "l" ilitumika tangu Julai 1910 mpaka mwishoni mwa Juni 1911. Sonara wa wakati ule hangojei sherehe ipite ndipo atengeneze vijiko vya sherehe. Anavitengeneza mapema, anavipeleka kukaguliwa, vinakuwa dukani watu wakiwa bado wana hamu. Kwa hiyo kijiko cha kutawazwa chenye "l" ni kama inavyotakiwa. Mtu akikuuzia chenye "m", hicho kilikaguliwa baada ya sherehe. Si bandia, ni kilichochelewa tu.

Kuhusu hilo tumbo la mashavu mawili: kijiko asilia ni cha karne ya 12, kipo na vito vya kifalme katika mnara wa London. Baada ya mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, Bunge liliamuru vitu vya ufalme viuzwe au viyeyushwe. Hicho kijiko kilinunuliwa na Clement Kynnersley kwa shilingi 16, na ufalme uliporudi akamrudishia Charles wa Pili. Lulu nne zilizo kwenye mpini wake ziliongezwa kwa ajili ya kutawazwa kwake mwaka 1661. Angalia chako, utaona vijidoa vinne vya mviringo mahali hapo, kwenye nakala kwa kawaida ni fedha tupu iliyoviringishwa. Nakala zake zilitolewa 1902, 1911, 1937 na 1953, kwa hiyo si kitu adimu. Ila chenye herufi inayolingana hivyo na tarehe, mimi nisingekitoa.

---

Mkemia_Mstaafu

BiChapa umenisomesha, asante. Mimi niongezee kwenye usafi maana naona kijana anasukumwa.

Ule weusi si kutu wala uchafu. Ni salfaidi ya fedha. Salfa iliyomo hewani, kwenye mayai, kwenye sufu, kwenye mpira, inakutana na fedha na kutengeneza utando mweusi. Utando ukianza huwa wa rangi ya dhahabu, kisha kahawia, kisha bluu ya zambarau, mwisho mweusi. Kila ukisugua kwa dawa yenye chembechembe, unaondoa utando huo pamoja na fedha yenyewe kidogo. Mara moja huoni. Ukifanya miaka mingi, pua ya huyo mchawi itatoweka.

Njia isiyokwangua ni ya karatasi ya aluminiamu. Unaitandika kwenye chombo, unaweka kijiko kikigusana nayo, unamwaga maji moto yenye soda ya kuokea. Aluminiamu inaichukua ile salfa, fedha inabaki pale pale kwenye kijiko. Utasikia harufu ya yai viza, hiyo ndiyo salfa ikiondoka. Ni kemia safi kabisa.

---

BiChapa

Ndugu yangu Mkemia, kemia ni safi lakini kijiko kinatoka uchi.

Vijiko hivi vilipotoka kiwandani, mafundi walivipaka weusi makusudi kwenye mashimo ya michoro, ili waridi lionekane kuwa waridi. Huo weusi nao ni salfaidi. Maji yako ya soda hayajui kutofautisha weusi wa fundi na weusi wa kabati, yanabeba vyote. Kijiko kinabaki cheupe kama chokaa, michoro imelala. Nimeviona vingi minadani, na wenye macho wanavipita.

Na chenye dhahabu tumboni usikitie huko hata kidogo. Wala chenye rangi za enameli.

Mwanangu, wewe osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, tumia vidole, usitumie brashi ngumu, kausha papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Sehemu zilizoinuka zipitishie kitambaa cha kung'arishia fedha taratibu, mashimo yaache. Basi. Weusi ukiwa mzito mno kwenye kijiko kimoja ndiyo tutazungumza habari ya soda, na ni kijiko hicho hicho, si kisanduku kizima.

---

Mkemia_Mstaafu

Nakubali, nilisahau weusi wa makusudi. Kwa uma na visu vya kawaida njia yangu inasimama, kwa hivi hapana. Tusikosane kwa hilo.

Kwenye kuhifadhi nadhani tutakubaliana: usivifunge kwa rababendi. Mpira una salfa, utakuta mstari mweusi umejichora pale ulipofunga, na mstari huo ni mgumu kutoka. Usivizungushie sufu. Mifuko ya plastiki laini ya PVC nayo haifai. Karatasi laini isiyo na asidi, au kitambaa maalumu cha kuzuia weusi, na mahali pakavu. Chumvi usiiache karibu kabisa, maana hiyo haileti weusi tu, inachimba vijishimo ambavyo hakuna dawa inayovirudisha.

---

EnameliTupu

Nimeona enameli imetajwa nikaamka.

Mimi nakusanya vya enameli peke yake, hasa vya Norway, vile vya David-Andersen na vya Marius Hammer wa Bergen. Vingine enameli yake haina bati nyuma, mwanga unapita kama dirisha la kioo cha rangi. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya fedha, kwa hiyo kifikirie kama kioo: maji moto kisha baridi, kinapasuka. Vile vyombo vya kuoshea kwa mtetemo ndivyo vibaya zaidi.

MwanaBaharia, ukikuta chenye rangi humo, kiinamishe chini ya taa na upitishe ukucha pole pole pembezoni mwa rangi. Ukucha ukinasa, pana kipande kimetoka. Na angalia kama kuna sehemu isiyong'aa sawa na nyingine. Mara nyingi hapo mtu alijaza rangi ya kawaida kuziba pengo. Kipande kikiwa kimetoka thamani inashuka sana, na kujaza rangi hakuipandishi, kunaudhi tu.

Wewe unacho cha enameli?

---

MwanaBaharia

Kimoja tu, bendera ndogo kwenye ncha ya mpini, na ukucha haukunasa popote. Alhamdulillahi.

Mama BiChapa, nimetafuta neno STERLING kwenye kijiko cha mawaridi, nimelikuta pale pale uliposema. Sasa niambie habari ya mchawi na huyu mwanamke mwenye jina. Sonara bado ananipigia simu.

---

BiChapa

Simu ya sonara usipokee, na nitakwambia kwa nini.

Zama hizo duka la vito la mji mdogo halikuwa na uwezo wa kuagiza kalibu yake lenyewe. Kutengeneza kalibu ya chuma ya kugongea mpini ni gharama kubwa. Kwa hiyo walinunua vijiko vya mpini mzuri wa kawaida, kama hayo mawaridi yako, tumbo likiwa tupu. Mteja anakuja, anataka jina la mji, au la mtoto, au tarehe ya Krismasi. Mchongaji wa duka anakaa na kalamu yake ya chuma, anachonga hapo hapo. Ndiyo maana kijiko kimoja cha kiwanda kinaweza kukutwa na miji chungu nzima tumboni.

Wakusanyaji wengi wanapenda zaidi vile vya kalibu, picha imeinuka, jengo lina kila dirisha. Mimi sivyo. Cha kalibu ni kimoja kati ya maelfu. Cha mkono ni kimoja. Tazama hilo jina lako kwa kioo cha kukuzia: utaona mikato inaanza nyembamba, inanenepa kwenye kona, inaishia na ncha, na kingo zake zinametameta kwa sababu chuma kilikata, hakikukwaruza. Tazama kama herufi ya mwisho ya jina imebanwa kidogo. Mara nyingi hubanwa, mchongaji kaanza kwa madaha halafu nafasi ikamwishia. Hapo unamwona mtu kabisa.

Huwezi kufuta mchongo bila kuondoa fedha ya kijiko chenyewe. Sonara atakwangua mpaka afike chini ya mkato, halafu atang'arisha. Tumbo linabaki jembamba, ukilielekeza kwenye dirisha utaona mwanga unayumba hapo, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linaweza kucheza. Mnunuzi anayejua kazi anafanya jaribio hilo kabla hajakwambia habari za asubuhi. Umepoteza jina, umepoteza tarehe, umepoteza sehemu ya kijiko, na umemlipa mtu kwa kazi hiyo.

Mchawi sasa. Hicho ni katika vijiko vilivyowasha moto wote huu wa vijiko vya ukumbusho Marekani. Cha kutangulia hutajwa kile cha George Washington, kilichotolewa mwaka 1889 na duka la Galt la jiji la Washington, miaka 100 tangu aapishwe kuwa rais. Kisha Daniel Low, muuza vito wa Salem, Massachusetts, akaja na mchawi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alikuwa na akili ya biashara: mji wake ulijulikana kwa aibu ya kesi za uchawi za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa, yeye akaifanya aibu kuwa bidhaa. Zile pini tatu si pambo tu. Kwenye kesi hizo washitaki walidai wanachomwa pini na wachawi. Mimi kijiko chenyewe nakipenda kwa ufundi, kwa maana yake huwa nasita, na bado ninacho.

Miundo ni miwili. Wa kwanza ni mwepesi: mchawi, ufagio, pini, jina la mji. Wa pili umejaa zaidi, una paka na kamba. Kwa maelezo yako chako ni wa kwanza. Vilitengenezwa na Durgin wa Concord, New Hampshire, kwa ajili ya duka la Low, kwa hiyo tafuta nyuma herufi D ya Durgin na jina la Low.

---

MwanaBaharia

D ipo! Ndogo sana lakini ipo. Na herufi ya mwisho ya jina la mwanamke imebanwa kweli, nimecheka peke yangu. Sonara nimemwambia hapana.

Sasa swali la kijinga: kimoja humu kimeandikwa PAT. 1891 nyuma. Ndiyo mwaka wake?

---

BiChapa

Si la kijinga, linawaliza watu wazima. Huo ni mwaka wa hati ya kumiliki muundo. Kiwanda kikishamiliki kalibu kinaitumia mpaka ichoke, na mwaka ule ule unaendelea kugongwa. Kijiko cha PAT. 1891 hakiwezi kuwa cha 1889, lakini kinaweza kabisa kuwa cha 1905. Ukitaka kukikadiria, angalia ukali wa picha. Kalibu mpya inatoa nywele, majani, matofali. Kalibu iliyochoka inatoa uvimbe. Tofautisha tu na uchakavu wa kusuguliwa: kalibu ikichoka hata mashimo yanakuwa butu, kijiko kikisuguliwa mashimo yanabaki makali, vilele ndivyo vinalala.

Tarehe iliyochongwa tumboni nayo inasema siku ya zawadi, haisemi siku ya kiwanda. Ingawa kwa hicho chako cha 1897 sioni sababu ya kushuku.

---

Mkemia_Mstaafu

Na yule bwana wa mizani mmefikia wapi? Mwambie kijana afanye hesabu mwenyewe kwanza.

Kijiko cha chai cha gramu 20: zidisha kwa 0.925, unapata gramu 18.5 za fedha halisi. Aunsi ya fedha ni ya troi, gramu 31.1, si ile ya jikoni ya 28.35. Gawanya, unapata kama 0.59 ya aunsi. Zidisha kwa bei ya siku hiyo ya soko la dunia. Hapo umejua thamani ya fedha hiyo ikiyeyushwa. Vile vidogo vya kahawa huwa kama nusu ya uzito huo, kwa hiyo na thamani ya fedha yake ni nusu. Na sumaku yake akikuonyesha, usitishike: sumaku haishiki fedha, lakini haishiki shaba wala ile aloi ya EPNS pia. Inakamata chuma cha kawaida tu. Asidi yake ndiyo umkatalie, kwa sababu kupima vizuri inabidi akwaruze kijiko kwa tupa, na kovu halitoki.

---

BiChapa

Mkemia kasema vema. Mimi nitaongeza kwamba hesabu hiyo ni ya sakafu, na mwenye kununua kwa uzito hataki ujue kuna dari.

Januari 1980 bei ya fedha ilipanda ikakaribia dola 50 kwa aunsi, na watu wakakimbiza vijiko kwenye tanuru kwa magunia. Havikuulizwa vina mchawi au vina nini. Baada ya hapo bei ikaporomoka, vijiko vikawa vimeshakwenda. Kila ninapokutana na kisanduku kama cha mjomba wako nashukuru mwenyewe hakuwa na haraka mwaka ule.

Ukitaka kuuza baadhi, anza na Niagara. Ile mioyo mitatu yenye P, & na B ni ya Paye & Baker wa North Attleboro, Massachusetts, jina la kampuni hiyo ni la 1901, kwa hiyo kijiko hakivuki nyuma ya hapo. Kazi yao nzuri. Lakini Niagara ni mahali ambapo kila mtalii alitoka na kijiko, vimejaa kila mnada, na kukikosa hakutakuuma. Kiuze kama kijiko, kwa mtu anayekusanya, kwa picha nzuri ya mbele, ya nyuma, na ya chapa kwa karibu. EPNS mpe huyo bwana kama bado anavitaka kwa hisani, uone kama hisani yake inasimama vikiwa peke yake.

---

MwanaBaharia

Nimemwambia achukue EPNS peke yake. Kakunja mizani yake kaondoka, hata chai hakumaliza 😂

Mama, mioyo mitatu ni kweli ina herufi ndani, nilidhani ni mikwaruzo. Na kuna vingine viwili nilikuwa sijavitoa kwenye karatasi. Kimoja kina simba wa kushoto, miganda mitatu ya ngano na upanga, na kichwa cha mtu hamna.

---

BiChapa

Miganda mitatu na upanga ni Chester! Ofisi hiyo ilifungwa mwaka 1962. Kichwa cha mtu kisipokuwepo, ina maana ni baada ya 1890, maana kile kilikuwa chapa ya kodi na kodi ilifutwa mwaka huo. Herufi ya mwaka ni ipi, na ngao iliyoizunguka ina umbo gani? Umbo nalitaka sana, kwa sababu herufi zilikuwa zinarudiwa na ngao ndiyo inayotenganisha mzunguko mmoja na mwingine. Piga picha karibu na dirisha, usitumie mwanga wa simu, unameza chapa.